Trei ya Minayo

Wiki iliyopita lori lilimwaga changarawe kando ya barabara pale Dagoretti Corner, mbele ya duka la fundi anayenishonea nguo, na manyunyu yakaanza kuinyeshea kabla dereva hajaondoka. Harufu ikapanda. Kama umewahi kuinusa changarawe kavu inapopata maji ya kwanza, unaijua: si harufu ya udongo, ni ya jiwe, ina ubaridi ndani yake, kama kijiko cha chuma kikigusa ulimi. Fundi alikuwa akiniuliza mikono ya gauni iwe mirefu au mifupi, nami sikuwa nikimsikia. Nilikuwa Woodley, nyuma ya nyumba yetu, nina miaka tisa, nimekunja ngumi ndani ya mifuko ya sweta, nikimtazama Minayo akifanya kitu ambacho mimi nilikuwa nimekatazwa.

Mama yangu alikaa mapokezi katika ofisi moja katikati ya jiji. Kutwa nzima alijibu simu na kuwatabasamia watu wasiomtabasamia, na akifika nyumbani jioni kitu cha kwanza alivua viatu vyake vya kisigino, akavaa gambuti za Baba, akaenda nyuma ya nyumba. Majirani walikuwa na sukuma wiki na vitunguu, wengine kuku. Mama alikuwa na mimea ya majani manene, ile inayoficha maji ndani ya majani na kujikunja kama kabichi ndogo isiyofika kimo cha kidole. Siku hizi imejaa kando ya Ngong Road, inauzwa katika vikopo vya urembo. Wakati ule watu walimshangaa.

"Mama Kageha, hii inaliwa?"

"Hapana."

"Ni dawa?"

"Hapana."

"Sasa ni ya nini?"

Mama alicheka tu.

Tena hakupenda ile njia rahisi ya kuvunja jani na kulichomeka mchangani. Alitaka kuotesha kwa mbegu. Mwenzake mmoja wa ofisini alikuwa amehamia nchi yenye theluji, na kila alipopata mtu anayesafiri kuja Nairobi alimtuma alete vipakiti vya mbegu za aina zinazokaa nje mwaka mzima, hata theluji ikiziangukia. "Mimi nilitoka Vihiga na jua langu," Mama alisema, "halafu hii Nairobi ikanikaribisha na Julai. Nataka kitu kimoja kwa hii nyumba ambacho baridi haikitishi."

Mara ya kwanza aliponifungulia kipakiti nilidhani amedanganywa, hakina kitu. Akanionyesha kwenye kiganja chake: vumbi la kahawia, kama lile linalobaki chini ya mkebe wa majani ya chai. "Usipumue," aliniambia. Alilichanganya na mchanga wenye unyevu, akalifunga kwenye nailoni, akaliweka kwenye friji kando ya maziwa. Likakaa humo wiki nyingi, ili mbegu zidhani msimu wa theluji umepita, zikubali kuamka. Baba, ambaye alikuwa fundi wa makochi, alilalamika kila alipofungua friji kwamba siku moja atatiliwa mchanga kwenye chai.

Baada ya hapo zilipandwa kwenye trei. Mama alichekecha mchanga wa mto, changarawe laini na mboji kidogo, akaumwagia mchanganyiko huo maji yaliyochemka kuua magonjwa, akangoja upoe. Kisha akazinyunyiza mbegu juu bila kuzifukia, kwa sababu zilihitaji kuona mwanga. Hakumwagilia kwa juu. Aliiweka trei ndani ya beseni lenye maji ili udongo unywe wenyewe kutoka chini, halafu akaifunika kwa kioo cha dirisha kuukuu ambacho Baba alimkatia. Baada ya hapo ilikuwa kungoja, na mtu yeyote aliyekaribia kile kioo aliambiwa arudi nyuma.

Aliizungumzia miche yake kama watu. Hakusema imeota, alisema ameamka. "Huyu ameamka. Huyu bado amelala. Huyu hapa sijui kama atafika." Baba alimwambia siku moja watu watamsikia wadhani ana chekechea nyuma ya nyumba.

Nilikuwa nimemwomba trei yangu mwenyewe tangu nilipoweza kuomba. Jibu lilikuwa lile lile: "Mikono yako ina haraka, Kageha. Ukifika darasa la sita." Niliweza kuvumilia, kwa sababu hata Baba hakuruhusiwa.

Ndipo Minayo akaja.

Alikuja na mama yake, mdogo wake Mama, kutoka nyumbani Vihiga. Niliambiwa Mama Mdogo ana mgongo unaomsumbua na amekuja Nairobi kutibiwa. Alilala kwetu usiku mmoja, siku iliyofuata akapelekwa hospitalini mjini, na Minayo akabaki kwenye chumba changu na mfuko mmoja wa nguo. Alikuwa amenizidi miaka miwili. Kwa desturi ya kwetu mtoto wa mama mdogo ni dada yako, na ndivyo Mama alivyotaka nimwite. Mimi nilipoulizwa shuleni nilisema ni binamu.

Hakuwa amenikosea lolote. Alikunja blanketi lake asubuhi, aliosha vikombe kabla hajaambiwa, alizungumza kwa sauti ya chini na kwa lafudhi ambayo wasichana wa mtaa waliicheka na yeye hakujali. Sikuipata sababu ya kumchukia, na hilo lilinichosha zaidi. Hata jina langu lilipotea. Mama alianza kutuita mkubwa na mdogo. "Mkubwa, leta kisu. Njoo hapa, mdogo wangu." Nilikuwa nimekaa nyumba ile mtoto peke yangu miaka tisa bila kuwa mdogo wa mtu yeyote.

Hata kabla mwezi haujaisha, nilirudi kutoka shuleni nikawakuta wamechuchumaa nyuma ya nyumba, Mama na gambuti zake, Minayo na kandambili zangu. Kati yao kulikuwa na trei mpya. Minayo alikuwa na mbegu kiganjani. Mama alikuwa ameushika mkono wake kwa chini, kama mtu anayembeba ndege, akimwonyesha jinsi ya kugongesha kidole ili zianguke moja moja.

"Na mimi?" nikauliza.

"Shhh," akasema Mama. "Zitapeperuka."

Sikupata jibu jingine. Nilienda kukaa kwenye ngazi za mlango wa jikoni nikawaangalia hadi walipomaliza. Najua wivu wa watu wazima, nimeuonja pia, lakini ule wa siku ile ulikuwa na mahali pake mwilini: chini kidogo ya koo, mgumu na wa moto, kama kiazi kilichomezwa kizima.

Trei ya Minayo iliota vizuri kuliko zote. Asubuhi moja palikuwa na mchanga mtupu, asubuhi nyingine kijani kilikuwa kimetokea, vitone vidogo kuliko vichwa vya pini, vimejaa kila mahali. Minayo alivitazama kabla ya kunywa chai. Alichuchumaa pale kwa utulivu uliowavutia hata ndege, akainua kioo upande mmoja hewa iingie, akamtoa konokono mmoja kwa kijiti, akarudi ndani. Mama alimtazama kutoka dirishani na uso ambao nilidhani ni wangu peke yangu.

Halafu kulikuwa na Jumamosi. Kila Jumamosi Mama alimchukua Minayo wakaenda mjini kumwona Mama Mdogo. Mimi sikuchukuliwa. Wodi ile haikuruhusu watoto wa umri wangu, waliniambia, na sikuamini. Kwangu mimi, mjini kulikuwa na taa, ngazi zinazopanda zenyewe, na chipsi. Na kweli walirudi na chipsi, zimepoa, zimelowa siki hadi karatasi imepasuka, na Minayo alinipa zote.

"Wewe hutaki?"

"Nimeshiba."

Bila shaka ameshiba, niliwaza. Amekula moto moto huko na mama yangu, wawili tu. Nilizila zote nikiwa na hasira kwa kila moja.

Julai ikaja na mawingu yake yaliyokaa juu ya paa hadi saa sita. Nilishikwa na kikohozi. Mama alinipeleka kliniki moja kule mtaa wa Satellite, daktari akanisikiliza kifua, mbele na nyuma, kisha akamwita Mama nje ya mlango wakaongea kidogo. Nilipewa chupa ya dawa tamu na kuambiwa nisiende shule siku kadhaa.

Mchana mmoja wa siku hizo nilikuwa kitandani, dirisha limefunguliwa kidogo kwa ajili ya hewa. Mama alikuwa ameomba ruhusa kazini. Nje, kwenye ua, alikuwa akizungumza na jirani yetu Mama Mutua, mwanamke mnene mwenye huruma nyingi kutoka Machakos, ambaye hakuna msiba wala harusi iliyofanyika mtaani bila yeye kupika. Nilisikia sauti ya Mama ikiwa imekauka.

"Mdogo wangu hatavuka hii baridi, Mama Mutua. Daktari hakuniambia wazi, lakini mimi nimeelewa."

"Usiseme hivyo. Mungu yupo."

"Yupo. Lakini nimeona macho ya daktari."

"Na Minayo?"

"Minayo atakaa na mimi. Nitamfanya wangu. Nafasi ipo, kitanda kipo."

Nililala nikiwa nimetazama dari. Kwanza sikuogopa kufa, sikujua kufa ni nini hasa. Nilichokiona ni Minayo. Nilimwona amevaa gauni langu la kanisani lenye ukanda. Nilimwona kwenye kiti changu cha mezani, kile chenye mgongo alioupigilia Baba kitambaa kilichobaki kwenye kochi jekundu la mteja. Nilimwona Jumapili ameegemea bega la Mama wakati wa mahubiri, mahali nilipokuwa nikiegemea mimi, na Mama akimrekebisha kola bila kumtazama, kama alivyonifanyia. Kila kitu kilikuwa tayari. Hata kitanda kipo! Walikuwa wakiningoja tu niondoke.

Siku zilizofuata niliamka nikiwa na kazi. Nilivaa viatu vyangu vya kanisani kila siku, hata kwenye matope, ili vichakae. Nilikula sukari yangu ya chai kwa kijiko moja kwa moja kutoka mkebeni. Baba aliporudi kutoka karakana nilimuuliza, "Baba, mtu akifa, vitu vyake vinaenda kwa nani?"

"Kwa watoto wake."

"Na kama ni mtoto?"

Aliacha kufungua kamba za viatu. "Nani anakufundisha haya maneno?" Kisha akanigusa paji la uso, akamwita Mama aje aone kama nina homa. Niliuchukulia wasiwasi wao kama ushahidi.

Jumamosi hiyo hawakuenda mjini asubuhi. Ilikuwa siku ya miche kuondolewa kioo. Mama alikuwa akimweleza Minayo, nami nikiwa nimesimama mlangoni na shali ya Mama shingoni.

"Leo wanaanza kulala nje. Wataona baridi kidogo leo, kesho zaidi. Baridi yenyewe haiwaui, wametoka kwa baridi. Maji yakituama ndiyo yanawaua. Ukiwahurumia sana ukawamwagilia kila siku, basi, umewaozesha."

Alisema "wametoka kwa baridi" kwa fahari kabisa. Wao wanaweza baridi. Mimi siwezi. Kile kiazi cha kooni kikapanda hadi mdomoni.

"Nikifa," nikasema, "Minayo asilale kwa kitanda yangu."

Wote wawili waligeuka.

"Umesema nini?"

"Asilale kwa kitanda yangu. Na kiti yangu Baba airudishe karakana. Na gauni mnizike nayo."

"Kageha. Nani amekuambia unakufa?"

"Wewe! Ulimwambia Mama Mutua. Mdogo hatavuka baridi. Ulisema Minayo utamfanya wako."

Nilimwona Mama akijaribu kunitazama mimi na Minayo kwa wakati mmoja, na kushindwa. Alikaa chini, juu ya karai lililopinduliwa, kioo bado amekishika kwa mikono miwili.

Minayo hakuinua kichwa. Alikuwa akisawazisha changarawe kuzunguka mche mmoja kwa ncha ya kijiti, na aliendelea.

"Si wewe," akasema. "Ni mamangu."

Sauti ya watoto wakicheza mpira upande wa pili wa ua ilitufikia kama inatoka redioni.

"Mkubwa," Mama akasema. "Nani... umejuaje?"

"Aliniambia mwenyewe. Jumamosi ya kwanza, ulipoenda kuongea na nesi. Akasema nisikuambie, utalia."

Na Mama akalia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, si kwa sauti ile. Minayo alimchukulia kioo mikononi kwanza, akakiegemeza ukutani vizuri kisivunjike, ndipo akamkaribia. Mama akamvuta kifuani.

Nimeyafikiria mara nyingi yale niliyoyahisi pale mlangoni, na nitayasema yalivyokuwa. Kwanza nilifurahi. Sifi! Furaha ilinijia kama maji ya moto kichwani siku ya kuoga. Ndipo nikaelewa zile Jumamosi. Nikaelewa kwa nini mtu hushiba kabla ya chipsi. Nikamwonea huruma, huruma ya kweli. Na hapo hapo, kabla huruma haijakaa sawasawa, nikaona mkono wa Mama ukipapasa nywele za Minayo, kutoka paji la uso kwenda nyuma, na kile kiazi kikarudi mahali pake. Mama yake anakufa, nami nilikuwa nikimwonea wivu wa mkono.

Mama Mdogo alifariki kabla mwezi haujaisha. Tulisafiri naye kwenda nyumbani. Sikumbuki mengi ya mazishi: moshi wa kuni, masufuria makubwa, shangazi zangu wakiimba hadi sauti zikaisha. Namkumbuka Minayo akipitishwa kutoka kifua cha mwanamke mmoja hadi cha mwingine, kila mmoja akimwita mtoto wangu, mtoto wangu, na yeye amenyooka kama kijiti. Wanawake wote wale walimtaka. Nilikaa karibu na Mama nikashika pindo la leso yake, na kila aliposimama kwenda kwa Minayo, pindo lilinitoka mkononi.

Tuliporudi Woodley, Mama Mutua alitupokea langoni na uji kwenye chupa ya chai, na uso wa mtu aliye na habari mbaya. Tulikuwa tumemwachia miche. Kwa kuwa alikuwa na huruma, na kwa kuwa baridi ilikuwa kali, alikuwa ameziingiza trei zote jikoni kwake, karibu na jiko, akazimwagilia asubuhi na jioni. Miche ilikuwa imerefuka, myembamba na myeupe, kisha ikalala chini na kuoza. Alilia akituonyesha. Mama alimshika bega akamwambia si kitu, miche tu, na nilijua kwamba si kweli.

"Ni moja tu sikuiingiza," Mama Mutua akasema. "Ile ya mtoto. Nilikuwa nimebeba nyingi, hiyo nikaiacha ukutani, halafu nikaisahau. Naona aibu kuwaonyesha."

Ilikuwa pale nyuma, chini ya ukingo wa paa. Hakuna aliyeigusa kwa majuma. Ile miche haikuwa kijani tena. Ilikuwa nyekundu, nyekundu kama bitiruti, midogo, imejikunja na kubana kama ngumi za watoto wachanga.

"Imeungua," akasema Minayo. Ndiyo mara ya kwanza niliyosikia sauti yake ikitetemeka.

Mama alichuchumaa. Akaubonyeza mmoja kwa ukucha. "Hapana. Hawa wako sawa. Wakiona baridi wanageuka rangi, basi. Waangalie walivyo wagumu." Akauvuta kidogo ili tuone kwamba mizizi imeshika.

Miche sasa ilifaa kuhamishiwa kwenye tuta la changarawe ambalo Baba alikuwa ametutengenezea, lenye mteremko ili maji yasituame. Mama alimpa Minayo kijiti cha kuing'olea. Minayo alikitazama, akaing'oa miche miwili mitatu, kisha akageuka akaninyooshea kijiti.

"Wewe chimba, mimi nashikilia," akasema.

Nilimwangalia Mama nikingoja aseme mikono yangu ina haraka. Hakusema. Kwa hiyo nilipiga magoti, na harufu ile ya jiwe lililolowa ikanijaa puani, na kwa mchana mzima tulifanya kazi. Minayo alishika kila mche kwa majani yake mawili ya chini; mimi nilitoboa shimo, nikaelekeza mizizi iliyo myembamba kama unywele, nikasukuma changarawe karibu na shingo yake. Ilikuwa trei yake. Kila nilichokipanda kilikuwa chake, nilijua. Lakini mikono ilikuwa yangu.

Tulipobakiza safu moja, Minayo alisimama. Alikuwa na matope magotini. Hadi siku ile alikuwa akimwita mama yangu Mama Mkubwa, kwa heshima, jina lote.

"Mama Mkubwa," akasema, "watu wa shule watauliza wewe ni nani wangu. Naweza kukuita tu Mama?"

Nilitarajia Mama amkumbatie na kusema ndiyo, ndiyo, bila shaka. Hakufanya hivyo. Aliweka chini kopo la maji, akanigeukia mimi. Alinitazama muda mrefu, akingoja, kana kwamba nilikuwa nimeshika kitu na yeye hana haki ya kukitoa bila ruhusa yangu. Minayo naye akanitazama. Nilikuwa nimepiga magoti pale kwenye changarawe nikiwa na kijiti mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu aje nilikuwa na kitu ambacho yeye alikuwa akikiomba.

Nilikawia. Nilitaka kukawia zaidi.

"Sawa," nikasema.

"Mama," Minayo akaita, polepole, kama mtu anayejaribu kiatu cha mwenzake dukani.

Na mama yangu akaitika upesi kuliko alivyowahi kuniitikia mimi.